Tupeane uzoefu: Ulipitia njia gani mpaka diwani au mbunge wako akakusikia? (Mtwara na Lindi)

Mkorosho Mkongwe (Tandahimba)
Wakuu, salaam. Kalavati la njia ya kwenda ghala la AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) lilibomoka wakati wa masika. Lori linaishia ng'ambo, magunia yanavushwa kwa bodaboda, na nauli hiyo anailipa mkulima. Namba ya mheshimiwa tunayo tangu kampeni. Meseji zinafika, tiki mbili, kimya. Kwenye grupu la WhatsApp la jimbo ukiandika shida, dakika hiyo hiyo imefunikwa na picha za harusi na "hongera mheshimiwa kwa kutupambania". Nadharia sitaki. Aliyewahi kumpata mwakilishi wake mpaka kitu kikafanyika, aeleze alianzia wapi.

Mama Kitangari (Newala)
Kwetu ilikuwa maji. Uwanda wa Makonde mnaujua, maji yako chini mno, kiangazi kikikolea ndoo inanunuliwa. Tuliacha kupiga simu, tukambana mwenyekiti aitishe mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria ni kila miezi mitatu, ila kwetu ulikuwa hauitishwi mpaka aje mgeni. Hoja ikaandikwa kwenye muhtasari, waliohudhuria wakaandika majina na kusaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Muhtasari ukaenda kwa mtendaji wa kata, ukaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani mwenyewe. Atasemaje hajasikia? Kutoka hapo ukafika Baraza la Madiwani, na mbunge naye ni mjumbe wa baraza. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakaja, leo kuna kituo cha kuchotea. Maji hayatoki kila siku, sitawadanganya, lakini kituo kipo.

Kangomba Hapana (Nachingwea)
Mnajipa moyo tu. Juni 2018 wabunge wa kusini walisimama bungeni kupinga ushuru wa korosho zinazouzwa nje uende wote mfuko mkuu wa Serikali, wakati kabla ya hapo asilimia 65 ilikuwa inarudi kwenye zao. Walipiga kelele kweli kweli. Sheria ikapita. Kama wao wenyewe hawakusikilizwa, mimi na dole gumba langu nani atanisikia?

Mtendaji Mstaafu (Masasi)
Mdogo wangu, ushuru wa nje ni mambo ya Dodoma, kalavati ni la halmashauri na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Usiyachanganye. Watu wengi wanakwama hapo: barabara ya kijiji wanaipeleka kwa mbunge, sera wanaipeleka kwa diwani.

Jambo la pili ni muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Halmashauri inapitisha makadirio yake mwanzoni mwa mwaka, Bunge la bajeti linaanza Aprili. Nimekaa ofisini nikaona barua nzuri kabisa zikiletwa Mei, watu wakiwa shambani wanajiandaa na salfa ya kupulizia mikorosho ndipo wanakumbuka barabara. Wakati huo fedha imeshagawanywa, unaambiwa "tumelipokea". Ukitaka diwani akusaidie, mfuate Oktoba au Novemba, vijiji vinapopanga vipaumbele. Cha dharura ndicho cha kusukuma kwenye Mfuko wa Jimbo. Mwenyekiti wa mfuko huo ni mbunge. Hela yake si nyingi, lakini mabati na saruji inanunua.

Wa Ng'apa (Lindi)
Naongezea kuhusu barua. Ya kwetu ilikuwa na kichwa cha namna hii: "YAH: OMBI LA KUKAMILISHA BOMA LA ZAHANATI". Ukurasa mmoja. Boma limefika wapi, wananchi wamechangia nini (tofali na mchanga), kinachokosekana ni nini. Tukaambatanisha muhtasari na picha. Nakala mbili: moja inabaki masijala, ya pili wanakugongea mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, unaondoka nayo. Usikubali kuondoka bila mhuri. Mara ya kwanza tuliambiwa barua haionekani, tukatoa nakala yetu, ikaonekana palepale 😂

Halafu mjue katibu wa mbunge. Mheshimiwa yuko Dodoma miezi mingi, katibu yuko hapa hapa na ndiye anayepanga ziara. Mimi nilikuwa naye kwa heshima, shikamoo zake zote, na kila mwisho wa mwezi namuuliza imefikia wapi.

Abiria wa Somanga (Kilwa)
Mei 2024 maji yalipokata barabara kuu pale Somanga tulilala njiani. Hapo hakuna aliyehitaji barua, nchi nzima iliona. Kwenye mambo kama hayo video inasaidia. Lakini kalavati la kijiji, video yake itazungumzwa siku mbili halafu watu wanahamia mpira.

Dada wa Shangani (Mtwara Mjini)
Mbona madiwani wa viti maalum hamuwataji? Akina mama tunaouza samaki tulihangaika na choo, diwani wa kata kila siku "nalishughulikia". Tukamwita wa viti maalum, akaja asubuhi boti zinaposhusha, akaingia mwenyewe kwenye kile choo. Alitoka ameshika pua na mtandio. Kwenye baraza aliuliza swali, na sisi tulikuwa tumekaa viti vya nyuma tunasikiliza, maana vikao vya baraza mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria. Mkurugenzi akajibu mbele yetu. Mafundi walikuja.

Mkorosho Mkongwe
Shukrani wakuu. Mwenyekiti wetu anasema mkutano hauwezi kuitishwa kwa sababu mtendaji amehamishwa na mwingine hajaletwa. Hapo mnafanyaje?

Mama Kitangari
Mtendaji wa kata anaweza kumkaimisha mtu, au mkaazima wa kijiji jirani aje kuandika. Sisi tuliazima. Mwambie mwenyekiti atangaze tarehe kwanza.