Zimmerman hadi uwanja wa ndege wa JKIA na mama anayepanda ndege mara ya kwanza: Expressway, Outer Ring au Syokimau kwa shangazi?

Kifungua_Mimba

Hamjambo wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 68, anatoka Murang'a kwenda Uingereza kumlea mjukuu, mdogo wangu amejifungua. Hajawahi kupanda ndege. Magoti yanamsumbua, na ana masanduku mawili pamoja na kiondo ambacho amekataa katakata kukiacha. Ndege inaondoka Jumamosi saa sita na dakika arobaini usiku, anabadilisha Doha.

Sisi tunakaa Zimmerman, na kila mtu hapa nyumbani ana njia yake. Kaka yangu anasema tushuke na Thika Road hadi Museum Hill, tupande Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, tulipe na tumalize. Mume wangu anasema huko ni kuzunguka bure, tuingie barabara ya Outer Ring pale Allsops hadi Taj, tutokee Airport North Road. Shangazi yuko Syokimau, anataka mama aende kwake kwanza. Jirani naye ananiambia basi la 34 lingetuokolea pesa. Kwa sasa mpango ni kutoka nyumbani Jumamosi saa moja jioni. Naomba ushauri wa mtu aliyepita hizo njia jioni, si wa kukisia.

Jirani_Pipeline

Outer Ring ndiyo barabara yangu ya kila siku. Kwa kilomita, mume wako yuko sawa. Lakini usiipime kwa kilomita. Ukishapita Kariobangi, shida inaanza Mutindwa: soko limejaa, matatu zinashusha watu kando ya barabara, na gari lako linasogea hatua moja moja. Ukitoka hapo unakutana na Donholm, halafu Taj. Saa nne asubuhi nitakwambia pita bila wasiwasi. Saa moja jioni, na mtu ana ndege ya kushika, hapana.

Dereva_wa_Usiku

Dada, mimi ni dereva wa teksi, na abiria wangu wengi ni wa uwanja wa ndege. Nikujibu kwa mapana kidogo.

Expressway ni kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ina njia ya kutokea JKIA moja kwa moja. Tangu ifunguliwe Mei 2022 imetuondolea ile hofu ya msongamano wa Nyayo Stadium na Bellevue. Ada ilipandishwa Januari 2024: gari dogo likipita urefu wote ni shilingi 500, zamani ilikuwa 360. Kutoka Museum Hill hadi uwanjani ni pungufu ya hapo. Unaweza kulipa taslimu, lakini beba noti ndogo. Ukiita teksi kwa programu ya simu, mwambie dereva mapema kwamba mnapita juu, na mjue ada hiyo ni yenu, haimo katika bei unayoona kwenye simu. Wengi hugombana na dereva kibandani, magari yakipiga honi nyuma.

Sasa sikiza upande wa pili. Expressway haikuanzii Zimmerman. Lazima kwanza ufike Museum Hill, na kipande cha Pangani hadi Ngara jioni kinaweza kukula muda wote uliodhani utauokoa huko juu. Tena ukishapanda umepanda. Kukiwa na ajali mbele, njia za kutokea ni chache na ziko mbali mbali. Mimi kabla ya kupanda humpigia mwenzangu aliyetangulia nimuulize hali.

Jambo ambalo watu husahau kabisa ni kizuizi cha ukaguzi cha kuingilia uwanjani. Pale abiria hushuka garini, hupita kwa miguu kwenye ukaguzi, na dereva hupeleka gari likaguliwe peke yake. Mnakutana upande wa pili. Kwa kijana ni dakika chache. Kwa mama mwenye magoti mabovu, usiku, magari yamepanga mistari, ni kitu cha kumweleza tangu nyumbani. Nimewahi kumbeba bibi mmoja ambaye alipoambiwa ashuke alidhani amekamatwa. Alishika mlango wa gari kwa mikono miwili, analia. Mjukuu wake hakuwa amemwambia. Mwambie mama: "Tutashuka, tutapita kwenye mlango wa mashine, mkoba wako utapita pembeni, halafu tunapanda gari letu tena." Umwambie hata mara tatu.

Mkifika mlango wa jengo la kuondokea, ninyi wasindikizaji mnaishia nje. Anayeingia ni mwenye tiketi na pasipoti. Kwa hiyo mtu wa kumshika mkono huko ndani mnampanga sasa, si siku hiyo.

MamaPacha

Hapo kwa mkono wa kumshika ndipo nilipotaka kuingia. Omba kiti cha magurudumu. Unawapigia shirika la ndege, angalau saa 48 kabla, unasema abiria ni mzee na hawezi kutembea mbali. Hulipi kitu. Uliza kama ombi limeandikwa kwenye tiketi yake, na usiridhike na "sawa mama, tutaangalia". Mwambie mhudumu akutumie tiketi upya, usome mwenyewe.

Faida si magoti tu. Anayesukuma kiti anajua njia: kaunta, uhamiaji, ukaguzi wa pili wa kuvua viatu na mshipi, hadi mlango wa ndege. Doha napo wanampokea na kumpeleka kwenye ndege ya pili. Uwanja ule ni mkubwa, mtu asiyesoma vibao haraka anaweza kupotea akiwa na saa mbili tu kabla ya ndege ya pili. Mama mkwe wangu alikataa kiti mara ya kwanza, akasema yeye si mgonjwa. Tukamwambia ni kijana wa kumwonyesha njia, akakubali.

Mswahili_wa_Kibokoni

Kifungua_Mimba, samahani nakukatiza kabla hamjaendelea na mambo ya njia. Fungua tiketi sasa hivi uangalie saa na tarehe. Je, imeandikwa 00:40, Jumamosi?

Kama ndivyo, mama anaondoka usiku wa kuamkia Jumamosi. Yaani mnatoka nyumbani IJUMAA jioni. Mkitoka Jumamosi saa moja jioni, ndege itakuwa imeshatua Doha zamani.

Kwetu Pwani wazee huhesabu siku kuanzia magharibi, jua likizama Ijumaa tumeshaingia usiku wa Jumamosi. Kwa hesabu hiyo bibi yangu na tiketi wanaelewana. Lakini Nairobi mtu akisema "Jumamosi usiku" anawaza usiku unaofuata mchana wa Jumamosi. Binamu yangu alifika JKIA saa tatu usiku na masanduku yake yote, amevaa suti, ndege imeondoka zaidi ya saa ishirini nyuma. Tiketi ilipotea, akanunua nyingine kwa pesa za kukopa. Tangu siku hiyo kila tiketi ya familia inapita kwangu kwanza.

Kifungua_Mimba

Mikono inatetemeka ninapoandika. Ni 00:40. Jumamosi. Tulikuwa tumepanga vibaya sote watu wazima wanne, na kaka yangu ni mwalimu wa hesabu. Mswahili, Mungu akubariki wewe na binamu yako. Nimempigia mama sasa hivi, atateremka kutoka Murang'a Alhamisi.

Basi naanza upya: ni Ijumaa jioni, tena mwisho wa mwezi. Je, njia inabadilika?

Jirani_Pipeline

Inabadilika kabisa. Ijumaa ya mwisho wa mwezi Outer Ring iondoe kwenye orodha.

Mkaazi_Syokimau

Hapa shangazi ameshinda, na si kwa sababu ninakaa huku. Tatizo lenu ni kuvuka mji saa ambayo kila mtu anauvuka. Kwa hiyo uvukeni saa ambayo hakuna mwenye haraka. Mama alale Zimmerman Alhamisi. Ijumaa saa nne asubuhi mchukue kwa Expressway au hata Outer Ring mumpeleke kwa shangazi, si kulala bali kushinda. Ale, aoge, anyooshe miguu, afanye maombi yake. Saa mbili na nusu usiku mnatoka, na kutoka Syokimau hadi uwanjani mko upande uleule wa mji. Hata Mombasa Road ikisimama, kipande chenu ni kifupi. Mtafika kabla ya saa tatu na nusu, zaidi ya saa tatu kabla ya ndege.

Angalia pia jengo. Kenya Airways na washirika wake kama KLM na Air France wako jengo la 1A. Mashirika mengine mengi hutumia majengo ya jirani, na dereva akikushusha pasipo pako utaburuta masanduku. Usimsikilize mzee yeyote anayekumbuka uwanja wa zamani. Sehemu ya wanaowasili iliungua Agosti 2013, na mambo mengi yamehamishwa tangu hapo.

Kijana_wa_34

Mnalidharau basi la 34 bure. Mimi hulitumia kwenda kazini Embakasi, na nikisafiri mwenyewe mchana na begi moja la mgongoni silipi teksi. Unapandia kituo cha Ambassadeur mjini, nauli ni kidogo sana ukilinganisha na gari la kukodi. Kwa mama huyu sikushauri: ni usiku, ana masanduku mawili, na Ambassadeur jioni lazima uwe na macho nyuma ya kichwa. Ila msomaji mwingine aliye peke yake asiogope. Cha kuogopa ni boda. Haziruhusiwi Expressway, na sanduku la kilo 23 mgongoni mwa boda pale Cabanas nimeliona likianguka, nguo zikatawanyika barabarani.

Nesi_Leicester

Niko huku Uingereza, na mwaka juzi nilimleta mama yangu. Niongeze ya ndani ya sanduku, maana huko ndiko mama zetu huweka mapenzi yao.

Nyama na maziwa kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia hapa. Hakuna nyama ya kukausha, hakuna maziwa lala, hata kama mdogo wako anayalilia. Unga na majani ya chai havina neno. Kimiminika chochote kwenye mkoba wa mkononi kisizidi mililita 100 kwa chupa, kwa hiyo yale mafuta yake ya kujipaka yaende kwenye sanduku kubwa. Pimeni masanduku nyumbani. Sisi tulipima kwa mizani ya duka la nafaka, tukakuta kilo tatu zimezidi, na mama akachagua mwenyewe cha kupunguza badala ya kufunguliwa sanduku kaunta mbele ya watu. Msimfungie vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea pia, Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, Uingereza haidai. Nchi nyingine zinadai kwa anayetoka Kenya, India kwa mfano, na chanjo inatakiwa iwe imechomwa siku kumi kabla. Mama yako haihitaji.

Kitu kimoja tu nakuomba usikiache: karatasi. Andika kwa herufi kubwa jina la mdogo wako, anwani yake na namba yake ya simu. Karatasi ikae pamoja na pasipoti. Simu ya mama itazimika au itakosa mtandao, na afisa atamuuliza anakwenda kwa nani. Mama yangu aliulizwa, akatoa karatasi, akagongewa muhuri.

Dereva_wa_Usiku

Mpango wa Syokimau nauunga mkono, ingawa unaninyima kazi ya Ijumaa. Saa mbili na nusu ni sawa. Msichelewe zaidi ya hapo kwa ajili ya kupiga picha.

Kifungua_Mimba

Narudi na majibu, maana hapa mlitutoa kwenye shimo.

Ijumaa tulitoka Zimmerman saa nne asubuhi, tukapita Museum Hill na Expressway. Mama aliutazama mji kutoka juu akanyamaza njia nzima, kisha akauliza nani aliyejenga nguzo zote hizo. Kwa shangazi alilala mchana kwa muda wa saa mbili. Tulipotoka saa mbili na nusu usiku, Mombasa Road upande wa kutoka mjini ilikuwa imesimama kabisa, taa nyekundu hadi macho yanapoishia. Sisi tulikuwa tunaelekea upande wa pili.

Pale kwenye ukaguzi alishuka mwenyewe kabla hatujamwambia. Nilikuwa nimemweleza mara nne.

Kiti kilichelewa. Ombi lilikuwa kwenye tiketi lakini mlangoni hakuna aliyekuwa na habari, tukasubiri karibu nusu saa. Kama tungefika saa nne na nusu nisingependa kufikiria. Kijana alipokuja alimsalimia "shikamoo cucu", akataka kukiweka kiondo juu ya toroli na masanduku. Mama akakichukua, akakipakata magotini. Walipoingia mlangoni alinyanyua mkono mmoja bila kugeuka, ule wa pili umeshika kamba za kiondo.

Jumamosi alasiri mdogo wangu akatuma ujumbe: "Amefika. Ameshamshika mtoto. Anauliza nani amefunga banda la kuku."

Anarudi Machi. MamaPacha, wakati wa kumpokea, kiti cha magurudumu huwafikisha hadi nje tunaposubiri, au humwacha kwenye mizigo?