Muvi ya "Saturday Night": tumepigwa changa la macho, na Garrett Morris kapigwa zaidi yetu

Wakuu, mnivumilie, leo nimekuja kutema nyongo.

Jana usiku nimemaliza "Saturday Night" ya Jason Reitman, ile ya 2024 inayosimulia jinsi kipindi cha vichekesho cha NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, hiki ambacho leo dunia nzima inakiita Saturday Night Live, kilivyoingia hewani mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 1975 pale New York. Nimelala na hasira, nimeamka nazo, chai imenishinda.

Mimi si mchambuzi wa filamu. Ila nimefanya kazi miaka sita kwenye kituo kimoja cha televisheni hapa Dar, nikiwa yule jamaa anayesimama pembeni ya kamera na hedifoni kichwani, anahesabu kwa vidole: tano, nne, tatu... Vipindi vya laivu nimevila mpaka nikavimbiwa. Kwa hiyo mtu akija kuniuzia habari ya studio, nabonyeza kwanza kama ninavyobonyeza parachichi.

Muvi inaanza saa nne usiku na inakimbia hadi saa tano na nusu, muda wa kipindi kuruka. Humo katikati taa zinaporomoka kutoka juu, mwigizaji John Belushi hataki kusaini mkataba, skripti ina urefu wa saa tatu wakati kipindi ni saa moja na nusu, mafundi wanapanga matofali jukwaani, llama anakatiza kwenye korido, na kila anayekutana na Lorne Michaels, prodyuza kijana aliyekibuni kipindi, anamuuliza swali lile lile: hivi hiki kipindi chako ni kitu gani? Na Lorne, eti, hajui! Anatoa macho tu.

Hajui vipi, jamani? Mapema mwaka huo huo wa 1975 rais wa NBC, Herbert Schlosser, alishaandika barua ya ndani akitaka kipindi kipya cha Jumamosi usiku, tena akataja na studio: 8H, ile waliyokuwa wakirekodia orkestra ya Toscanini, kondakta maarufu wa zamani. Johnny Carson, mtangazaji nyota wa kipindi cha usiku cha NBC, alikuwa amechoka kuona marudio ya kipindi chake yanachomekwa wikendi, ndiyo nafasi ikapatikana. Lorne akapewa kazi, akazunguka kutafuta watu, akaajiri waandishi, wakakaa wiki na wiki wanaandika, wanachana, wanaandika tena. Hiyo ndiyo kazi. Haina mbwembwe, ni watu waliokosa usingizi na bilauri za kahawa. Reitman kaitupa yote kapuni ili kijana aonekane kama nabii aliyeshushiwa kipindi dakika tano kabla ya saa. Na juu yake kaongeza njama, kwamba wakubwa wa NBC walitaka kife ili wambane Carson kwenye mkataba wake. Aliyekiomba kipindi, Schlosser mwenyewe, humuoni hata kivuli.

Halafu uongo wa rejareja. Milton Berle, mkongwe wa televisheni, anazunguka humo ndani kama mzimu wa nyumba. Usiku ule hakuwepo! Alikuja kuongoza kipindi 1979, akawaudhi hadi toleo lake hilo likafungiwa kabatini miaka mingi bila kurudiwa. Alan Zweibel anaokotwa baa usiku huo huo na kupewa kazi ya uandishi. Ukweli ni kwamba alishaajiriwa kitambo. Belushi kusaini dakika za mwisho, sawa, hilo ni kweli. Mchekeshaji Billy Crystal kuondolewa kwenye kipindi siku ile nalo kweli. Sasa mbona ya kweli yenyewe yalitosha? Ukiwa na pweza mzuri huhitaji kumjazia pilipili mpaka asionjeke.

Lakini kilichonichefua hasa kama mtu wa studio ni makelele. Kila mtu anabwata kwenye korido, anakimbia, anagonga milango, na kamera inawafukuza kama kibaka kaonekana Kariakoo. Wakuu, hofu ya studio ni ya kunong'ona. Siku tulipozindua kipindi chetu cha vichekesho cha laivu, mchekeshaji mkuu alikwama kwenye foleni Mbagala, umeme ukakatika mara mbili, na maikrofoni moja ikawa inapokea redio ya teksi. Mnadhani kuna aliyepiga kelele? Prodyuza alinijia taratibu, akaniinamia sikioni, akasema, "Kaka, hatuna mtu." Basi. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti tumbo linakoroga. Ukipiga kelele studio watu wanapoteza hesabu, na ukipoteza hesabu umekwisha. Inakuwaje wamefanya muvi nzima kuhusu saa ya ukutani na hakuna anayeogopa kwa namna hiyo?

Sasa nije kwa Garrett Morris, maana ndiye aliyenifungulisha uzi huu.

Kwa wasiomjua: mtoto wa New Orleans, kazaliwa 1937, kasoma uimbaji Juilliard, chuo maarufu cha muziki New York, mwandishi wa tamthilia. Awali aliajiriwa kama mwandishi, kisha akaingizwa kwenye kundi la waigizaji, Mweusi peke yake. Alikaa miaka mitano, hadi 1980. Watu wanamkumbuka kwa kupiga mayowe tu kwenye kichekesho cha "habari kwa wasiosikia vizuri", wakati jamaa alikuwa na koo la opera na kuna siku aliimba Mozart humo humo kwenye kipindi.

Muvi inamweka (kaigizwa na Lamorne Morris, hawana undugu, na kaigiza vizuri mno) azunguke studio akiuliza: mimi niko hapa kufanya nini? Anauliza mara ya kwanza, nikakaa vizuri kwenye kochi. Anauliza tena. Nikasema leo itajibiwa. Jibu lenyewe wakaliazima mbele: wimbo wake wa bunduki na wazungu, ambao aliuimba baadaye kwenye igizo la gerezani, wakaurudisha usiku ule ili watu studio wacheke na kupiga makofi, mambo yaishe. Yaishe wapi? Swali lile mtu aliishi nalo miaka mitano. Wao wamelimaliza kwa wimbo mmoja, kisha wakamkimbilia tena Lorne na shingo yake ya mawazo.

Wanawake ndiyo usiseme. Gilda Radner, mcheshi wa kutisha yule, hapa kapewa kutabasamu na kupita. Waigizaji wenzake Jane Curtin na Laraine Newman wanabadilisha nguo. Rosie Shuster, mwandishi wa kipindi, peke yake ndiye ana neno la maana, na bado nusu ya maneno yake ni ndoa yake na Lorne.

Na kituko cha mwisho: saa tano na nusu inafika, mwigizaji Chevy Chase anatamka ile salamu ya kufungulia kipindi, muvi imeisha. Kipindi hatukioni! Mngetuonyesha mngekuta hadithi nzuri kuliko zote mlizobuni, kwamba usiku ule hao vijana walionekana kwa nadra. Mchekeshaji George Carlin, mwongozaji wa usiku ule, alisimama peke yake mara kadhaa kupiga soga, wanamuziki Billy Preston na Janis Ian wakaimba nyimbo mbili mbili, kukawa na vikaragosi vya Jim Henson, mchekeshaji Andy Kaufman na santuri yake. Waigizaji wetu wakaambulia vipande, wengine wamevishwa mavazi ya nyuki. Fikiria umeajiriwa, umehenya wiki zote hizo, mama yako amekaa mbele ya runinga kukusubiri, na unatokea umekuwa nyuki. Hiyo ndiyo muvi ninayoitaka mimi.

Na mtu asije na habari za muziki wa Jon Batiste, aliyeitungia muvi hii muziki. Muziki mzuri, nakubali. Ngoma imepigwa vizuri, bi harusi hayupo.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kama inafaa kutazama na familia, sikiliza. Matusi ni kama mvua ya masika na mitishamba inavutwa bila aibu. Mimi mama mkwe yuko hapa tangu Ijumaa, amekuja kliniki. Aliingia sebuleni kuomba maji wakati ule ule Milton Berle anafungua zipu mbele ya Chevy Chase. Rimoti ilikuwa imezama kwenye kochi. Nimesimama mbele ya runinga nimetanua mikono kama golikipa, mama wa watu karudi chumbani bila maji, asubuhi hii tunasalimiana kwa kuangalia sakafu. Na huyo mzee usiku ule hata hakuwepo!