Tupeane uzoefu: sauti gani ya utotoni ndiyo iliyokutia kwenye muziki?

Mpiga Udi wa Kuze
Wangwana habari zenu. Jana nlikuwa harusini huko Kisauni, tumeitwa kupiga, mie na wenzangu wawili. Kabla hatujaanza akaja yule kijana wa kinanda, hata miaka 25 sidhani kama kafika, akaniangalia nakaza nyuzi za udi akaniuliza, "Mzee, hii gitaa yako mbona imevimba?" Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini nlipofika nyumbani usingizi haukuja. Nikawaza, huyu kalelewa na sauti gani na mimi nlilelewa na sauti gani.

Mimi nlilelewa na dari. Nyumba yetu Kuze, Mji wa Kale, ilikuwa ya ghorofa, sisi chini, juu akikaa mzee mmoja wa bandarini, na kila akirudi kazini anavua viatu, twasikia kimoja puu, cha pili puu, kisha anatia sahani ya santuri ya Zein l'Abdin, mpiga udi na mwimbaji wa taarab. Zein ni mzaliwa wa Lamu, wajua, lakini Mombasa tushamfanya wetu zamani. Basi mie nalala sakafuni pale pale chini ya boriti nasikiliza. Mpaka leo udi kwangu watoka juu washuka chini, nikiusikia mbele yangu kwenye spika naona kama kuna kitu kimekosewa.

Huyo mzee ndie alonipa udi wa kwanza, mbovu, nyuzi 11 zimebaki 6. Cha kupigia hakuna. Akaniletea ule ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, nikaukata, nikausugua kwenye saruji ya kibaraza mpaka ncha ikalainika. Wa kwanza ulikuwa mgumu ukakata uzi. Wa pili laini mno, sauti ikawa ya nzi ndani ya kopo. Wa tatu ndio huu niko nao kwenye waleti hadi leo. Haya, na nyinyi semeni.

Pweza Kavu
Gitaa imevimba 😂😂 mwambieni ina mimba

Kayamba la Kaloleni
Nyie watu wa Mji wa Kale mkianza mtadhani Mombasa yote ni vibaraza na kahawa thungu. Mimi Mgiriama. Kwetu hakuna cha sahani wala dari. Nyanya alikuwa na kayamba, matete yamefungwa, ndani mbegu za mturituri, analianika juani kabla ya shughuli ili matete yakauke sawasawa, na akilibeba tu kutoka uani kuja mlangoni hajalipiga bado, ule mchirizi wa mbegu kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mimi mwili wasisimka. Ngoma yote nnayoijua imetoka kwenye ule mchirizi.

Halafu maisha yakanipeleka hotelini. Wale ndugu wa bendi ya Them Mushrooms ni Wagiriama wetu, walianza hapa hapa Mombasa 1972, wakapiga mahotelini, ile Jambo Bwana yao ikatoka 1982 mpaka Boney M wakaichukua. Mimi nimeanza kupiga drams kwenye hoteli moja ya ufuoni (jina niachie) 1995, nimeacha 2008, na sikumbuki usiku hata mmoja sijaipiga hiyo nyimbo. Usiku mwingine mara tatu, basi la wageni likiingia wakiwa wamechelewa meneja anakuja na kidole juu, rudieni. Nikaanza kuingiza mchirizi wa nyanya kwenye haihati kimya kimya ili nisirukwe na akili. Hakuna mgeni aliyejua. Mpishi mmoja wa Rabai ndie alitoka jikoni na mwiko mkononi akaniangalia, akatingisha kichwa, akarudi.

Na malipo yalikuwa yanachelewa hadi miezi miwili, tunaambiwa "lakini si mnakula".

Dereva wa Likoni
Hiyo ya "si mnakula" naijua sana

Shabiki wa Bhalo
Zein Zein Zein kila siku. Sauti ya mji huu kwa taarab ilikuwa Juma Bhalo, kwisha. Uliza mama yeyote wa umri wa miaka 60 kutoka Kibokoni mpaka Majengo ni nani alomliza. Tangu afariki 2014 harusi hazina chumvi.

Mpiga Udi wa Kuze
Mungu amrehemu, sauti alikuwa nayo sikatai. Lakini tuni zilikuwa za filamu za Kihindi ndugu yangu. Umekaa sinema ya Naaz umeona picha, unatoka nje unaimba ile ile kwa Kiswahili.

Shabiki wa Bhalo
Na biriani ilitoka kwa babako? Maneno ni ya kwetu, mafumbo ni ya kwetu, kilio ni cha kwetu, tuni imepanda meli kama vile mababu walivyopanda. Huo udi wako nao umetoka Mtwapa?

Pweza Kavu
Hapo kwa biriani umemmaliza

Kayamba la Kaloleni
Nyote wawili mnagombania vya kuletwa na meli, sisi wenye kayamba tumekaa tunawatazama tu

Bi Mwanamvita
Watoto wa kiume mkikutana ni kushindana tu. Haya si mapya lakini. Nyanyangu alikuwa mcheza lelemama, ngoma ya wanawake, chama chake Ibinaal Watan, na jirani wa mlango wa pili alikuwa wa chama pinzani, Banu Saada, walikuwa hawaazimani hata chumvi wallahi. Wakati wa ngoma kila upande washona sare yake kwa siri, wazificha chini ya godoro ili wenzao wasijue rangi.

Mimi nimetoka kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Nyanya alikuwa na pembe ya nyati, nyeusi, pale pa kupigia palikuwa paking'aa kwa miaka ya kugongwa, na harufu yake ilikuwa ya udi wa kufukiza na mafuta ya nazi. Nikipewa niishike sikuruhusiwa kuiweka chini. Kisha mamangu akaja na kanda za mwimbaji wa taarab Zuhura Swaleh, alizicheza mpaka utepe ukawa watoka nje kama tambi, mimi ndie nikiurudisha kwa kalamu ya Bic, nazungusha polepole. Nlikuwa najua wimbo uko wapi kwa kuhesabu mizunguko.

Sasa naimba harusini mwaka wa 22. Anayetaka kujua taarab ni nini asiende kwenye spika, akae karibu na mwanamke anayekwenda kutunza. Mwangalie anavyoikunja ile noti, anavyopita mbele ya nani kabla hajafika kwa mwimbaji. Hapo ndipo ubeti wasemwa.

Kijana wa Bamburi
Shikamooni wakubwa. Mimi narap, nlianza juu ya Ukoo Flani, lile kundi la rap la Mombasa, binamu yangu alikuwa anacheza mangoma yao usiku kucha Likoni, nikaona kumbe unaweza kuwa wa Mombasa na uongee vile tunaongea mtaani na bado watu wakusikize hadi Nairobi. Sasa nataka kuingiza udi kwa biti zangu. Nijifunze kupiga ama nichukue sampo tu kwa kompyuta?

Shabiki wa Bhalo
Sampo. Udi wataka miaka kumi, wewe utakuwa umeoa.

Mpiga Udi wa Kuze
Usimsikize. Njoo Kuze Jumamosi baada ya alasiri. Lakini kata kucha.

Dereva wa Likoni
Tafuta kazi kwanza. Binamu yangu alikuwa na sauti tamu kuliko nyote hapa, sasa anauza mitumba Kongowea na ana amani

Mtoto wa Mwalimu
Nimekuwa nikisoma tu bila kuandika kwa miaka, leo hiyo habari ya kanda na kalamu imenigusa nimeshindwa.

Babangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani, Mlaleo huko Kisauni. Mimi ndie nlikuwa sauti ya chuo, ikifika mfungo sita na maulidi naimba qaswida mbele na matwari nyuma yangu, watu wanatoa machozi, babangu anatazama chini lakini mimi namjua, alikuwa anaona fahari. Hajui kwamba pesa ya karo ya mwalimu wa Kiingereza nilikuwa naikatia tiketi ya sinema. Nikitoka sinema najaribu zile tuni na makhraji yangu ya chuo, yaani matamshi ya herufi, nikaona zaingiana. 1991 nikiwa na miaka 17 nikaitwa Kibokoni kuimba harusini, mwimbaji wao ameumwa na koo. Nikajipa jina la uongo. Mtu mmoja akanasa usiku ule wote kwenye kaseti akazitoa nakala akauza, mimi sikuona hata shilingi, lakini hiyo si shida yangu hapa.

Mwezi haujaisha tukapanda matatu pale Mwembe Tayari kurudi nyumbani, babangu mbele na dereva, mimi kiti cha nyuma kabisa na gunia la mchele magotini. Dereva akatia kaseti. Nikasikia kile kinanda cha harmonia, nikajua. Kijasho kikanitoka mpaka mchele ukalowa. Nikaomba Mungu betri ife, utepe ukatike, tupate pancha, chochote. Ikaingia sauti yangu.

Babangu alikuwa hasikizi taarab, lakini naona shingo yake imetulia. Kidole kikaanza kugonga kichwa cha bakora. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Akamgeukia dereva akasema, na mimi naisikia kila neno, "Huyu kijana amesoma chuo huyu. Sikiza anavyovuta madda. Mwalimu wake ni nani?"

Makanga alikuwa wa mtaa wetu. Alikuwa Kibokoni siku ile. Akasema kwa furaha kabisa, "Mwalimu, kwani humjui? Si mwanao huyo hapo nyuma!"

Hakugeuka. Tulikuwa tumefika Buxton. Akagonga dirisha akashuka, akamlipa makanga nauli yote na yangu ndani yake, akavuka Daraja la Nyali kwa miguu. Nikamuona kupitia kioo cha nyuma, kanzu imeshika upepo, anatembea upande wa bahari. Matatu nzima kimya na mimi bado naimba.

Pweza Kavu
Mimi hapa sina utani. Endelea

Bi Mwanamvita
Subhanallah. Mwanangu

Dereva wa Likoni
Makanga mdomo mpana. Lakini swali, 1991 matatu za Kisauni zilikuwa na kaseti? Zile za wakati huo hata viti vilikuwa mbao

Kayamba la Kaloleni
Zilikuwa nazo, acha kumkatiza mtu

Dereva wa Likoni
Nauliza tu, mimi nimeendesha hiyo ruti, labda moja mbili zilikuwa nazo

Ibnu Pwani
Kwa hekima zote, babako alikuwa na haki. Kutoka qaswida hadi kuimbia wanawake harusini ni kushuka. Msituletee huzuni kufunika kosa.

Bi Mwanamvita
Na hao wanawake ndio mama zako na dada zako wanaokupikia futari. Kama huna hadithi ya kutoa pisha wenye nazo.

Shabiki wa Bhalo
Tena wengi wa waimbaji wakubwa wa Mombasa wamepita chuoni, sauti wameitoa wapi kama si huko? Nusu ya huo muziki ni tajwidi ya Qurani imevaa koti.

Ibnu Pwani
Nimetoa maoni yangu.

Kijana wa Bamburi
Mzee kwani mliongea tena?

Mtoto wa Mwalimu
Salamu alikuwa anaitikia, kwani hilo ni wajibu. Zaidi ya hapo hakuna. Kama anataka chumvi na iko mbele yangu alikuwa anamwambia mama. Hivyo karibu miaka mitatu. Chuoni akamweka mtoto mwingine mbele ya matwari, sauti nzuri lakini alikuwa anakimbia.

Alipougua nlikuwa nakaa naye usiku. Usiku mmoja nlidhani amelala. Akasema, bila kufungua macho, "Ule ubeti wa tatu." Nikamwambia naam. "Hukusema ghamu ya huzuni. Ulisema gamu. Gamu ni ya kubandikia stempu."

Basi alikuwa amehesabu beti. Na ubeti wa tatu ulikuwa haujafika pale aliposhuka Buxton, ulikuja mbele, tushapita darajani. Sijui aliusikia wapi na sikumuuliza.

Akaniambia nirudie, ile herufi ghayn itoke kooni. Nikarudia kama mara kumi, mama akaamka akadhani mtu amekata roho.

Mpiga Udi wa Kuze
Ndugu yangu nimesoma hii mara mbili. Hiyo kaseti unayo?

Mtoto wa Mwalimu
Sina. Yeye ndie alikuwa nayo, nlidhani tutaikuta kwenye kabati lake, tukakuta boksi tupu na jina langu la uongo kwa kalamu ya wino, mwandiko wake.

Kayamba la Kaloleni
Nani hapa ana kaseti za harusi za Kibokoni za 1991? Angalieni kwa mama zenu chini ya vitanda. Zile za bila lebo ndizo hizo.

Bi Mwanamvita
Nina katoni mbili. Nianze leo usiku, lakini radio kaseti yangu yatafuna utepe, mtu aniletee nzima.

Dereva wa Likoni
Mimi ninayo, nimeitoa kwenye matatu ya zamani. Na ndio, ilikuwa ya ruti ya Kisauni, msinicheke

Pweza Kavu
😂😂😂

Kijana wa Bamburi
Mzee wa udi, Jumamosi saa ngapi kamili? Kucha nishakata