470: wawili wa Mombasa wafuzu vipi Los Angeles 2028?

Mwanamaji: Salaam aleikum ndugu zangu. Kuna kijana na binti, uzani wao pamoja kilo 134, wanataka kufuzu Olimpiki kwa boti ya 470, ile ya matanga ya watu wawili. Waanze na lipi?

Nahodha wa Tudor: Waaleikum salaam. Uzani huo wafaa sana. Tangu Paris 2024, 470 ni ya mwanamume na mwanamke, yeyote ashike usukani. Lakini wajue mapema: nafasi hupewa nchi, si mabaharia, na kila nchi boti moja tu. Hupiganiwa katika mashindano ya dunia na ya bara, kisha kamati ya Olimpiki ya nchi ndiyo huteua wa kwenda.

Kusi Kali: Wasijifungie Kilindini, maji yametulia mno. Kusi likivuma watoke nje ya mwamba, na boti ya uokozi iwafuate. Kosa kubwa ni kupindua tanga, yaani kulihamishia upande wa pili upepo ukitoka nyuma, wakati mwenzako angali ananing'inia nje ya boti kwenye waya wa mlingoti: boti humlalia upande wake, ikapinduka. Msukani asubiri mpaka aone ndoano ya mkanda wa mwenzake imetoka kwenye pete ya waya, ndipo ageuze.

Fundi Nyaya: Chumvi yetu hula nyaya za mlingoti pale zinapoingia kwenye ncha ya chuma. Kila jioni zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha pitisha pamba taratibu juu ya waya. Ikinasa, uzi mmoja umekatika. Badilisha waya mzima, tafadhali, usifunge utepe. Mlingoti ukianguka katikati ya mashindano, mbio hiyo imekwisha.