Mjadala: Je, jina la mpigaji wa kukodi liandikwe kwenye wimbo kwa lazima?

Mleta mada, Makole, Dodoma

Ndugu zangu, nina desturi ya kusoma maandishi ya nyuma ya kava kabla ya kusikiliza muziki wenyewe, na mara nyingi ni huko ninakokutana na watu nisiowatarajia. Katika Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982 utamkuta Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki, amepiga solo ya "Beat It", na utawakuta vijana wa bendi ya Toto wametapakaa kwenye nyimbo kadhaa, ambapo mmoja wao, Steve Porcaro, alishiriki kutunga "Human Nature". Katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002 jina la Mgogo wetu, mpiga zeze Hukwe Zawose, limeandikwa sambamba na la Michael Brook wa Kanada, yule yule aliyetayarisha Mustt Mustt ya mwimbaji wa Pakistani Nusrat Fateh Ali Khan. Patrick Balisidya wa "Harusi", kiongozi wa bendi ya Afro 70, ambaye kwao ni Mvumi, yumo kwenye Bado Kidogo, santuri ambayo Afro 70 walishirikiana na Waswidi wa Archimedes Badkar mwishoni mwa miaka ya 1970.

Nyimbo zetu za leo hazina kava la kugeuza. Tunaona jina la mwimbaji, na jina la mtayarishaji tunalisikia kwa sababu hujitaja mwenyewe. Ninauliza: je, sheria imlazimishe mwenye wimbo kuandika jina la kila aliyepiga ala, hata kama ni deiwaka aliyekodiwa kwa siku moja, kabla wimbo haujapigwa redioni? Mimi nasema imlazimishe.

Fundi wa studio, Area C

Kaka, ninaheshimu mapenzi yako kwa muziki, lakini unazungumzia kazi usiyoifanya. Nimekaa kwenye mitambo miaka 11. Wimbo mmoja wa kwaya unaweza kuwa na waimbaji 25, mpiga kinanda aliyekuja jioni, mpiga besi aliyerudia kipande usiku na kijana aliyepiga makofi. Ukisema wote waandikwe, wimbo utasubiri mwezi mzima. Huyo Van Halen alilipwa fedha nyingi na shughuli ikaisha, na ndivyo inavyopaswa kuwa: ukilipwa, umemalizana na mwenye kazi. Mwezi uliopita aliletwa kwangu mzee wa zeze kutoka kijijini, akapiga kwa saa moja, akapewa shilingi 30,000 pamoja na nauli, akashukuru na kuondoka. Zeze ni ala ya mila. Wanaolipiga ni wengi, na alichokipiga ni cha kabila zima, kwa hiyo sioni jina la kuandika hapo.

Binti wa Chamwino

Nimeyasoma maneno ya fundi mara tatu ili nihakikishe kwamba nimeyaelewa. Zeze halijipigi, kaka yangu. Baba yangu analipiga tangu kabla sijazaliwa, na kila mwenye masikio katika vijiji vyetu humtofautisha na jirani yake kwa namna anavyouvuta uta na mahali anapoiweka sauti yake juu ya nyuzi. Wewe mwenyewe ni shahidi, kwa sababu ukiweka zeze juu ya kinanda haviendi pamoja, maana ngazi ya sauti ya Kigogo haikukatwa kwa vipimo vya kinanda, na mpigaji ndiye anayekaza nyuzi kwa sikio lake mwenyewe. Sikio hilo ni la mtu mmoja, na mtu huyo ana jina alilopewa na wazazi wake. Kabila halikupanda basi kuja Area C.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Binti, punguza ukali, fundi hakumtukana mzazi wako. Mimi nilitaka tu kumrekebisha mleta mada kwamba Hukwe Zawose ni mtu wa Bagamoyo. Nilimwona huko kwa macho yangu, na familia ya muziki aliyoiacha iko huko.

Binti wa Chamwino

Shikamoo mwalimu. Bagamoyo ilimpa nyumba na wanafunzi, lakini alizaliwa Doyoma, hapa hapa mkoani Dodoma, na alikuwa mtu mzima anayejulikana kwa zeze, ilimba (ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba) na sauti yake kabla Mwalimu Nyerere hajamwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilikuja baadaye sana. Naomba tusimpokonye mtu kijiji chake wakati tunajadili kupokonywa majina.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Marahaba binti yangu. Kuhusu Doyoma nimekubali. Hata hivyo sanaa yake ilikomazwa na Bagamoyo, huko alifundisha, na huko alifariki Desemba 2003. Watu wa Dodoma mnamkumbuka zaidi sasa kuliko mlivyomthamini alipokuwa hai.

Mkazi wa Kisasa

Mwalimu, hilo la mwisho limeniuma. Mimi si mwanamuziki, lakini sisi Wagogo tumetaniwa katika nchi hii kwa miaka mingi kama watu wa ukame na wa kuomba, na muziki ndio kitu ambacho wageni walikuja kukichukua kwa vinasa sauti bila kututania. Kusema hatukumthamini ni kutuongezea mzigo. Kwenye ngoma za kwetu mtunzi hutajwa ndani ya wimbo wenyewe, na wanawake wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hujitaja wanapopiga.

Mzee wa dansi, Chang'ombe

Wanangu, mimi nilikua na redio ya mbao. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, mtangazaji akataja bendi na wimbo, basi. Hapakuwa na kava wala orodha, lakini tulijua solo ni ya nani na rizimu ni ya nani kwa kusikiliza vidole, na mpigaji alipohama bendi tulijua kabla hajatangazwa. Jina la kweli la mwanamuziki lilikuwa mlio wake. Sheria haitamfundisha mtu kusikiliza.

Mleta mada, Makole

Shikamoo mzee. Mlijua ninyi mliokwenda ukumbini. Aliyezaliwa mwaka 1995 atajuaje? Kule Detroit, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown zilizovuma dunia nzima bila jina lake kuandikwa, mpaka What's Going On ya Marvin Gaye ilipotoka mwaka 1971 na orodha ya wapigaji. Gregory Coleman alipiga ngoma za "Amen, Brother" mwaka 1969, na kipande chake cha sekunde chache kimekatwa na kubandikwa kwenye nyimbo zisizohesabika, naye akafariki mwaka 2006 bila kupata chochote kwa matumizi hayo. Masikio ya mashabiki hayakumlipia kodi ya nyumba. Na fundi, nikurekebishe kidogo: Van Halen hakulipwa kwa ile solo, aliipiga kwa hisani. Kilichobaki kwake ni jina.

Mwanasheria, Nzuguni

Wengi humu mnachanganya mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inampa mtunzi hakimiliki, na inamtambua mpigaji kupitia hakishiriki, yaani haki ya anayeshiriki kuuwasilisha wimbo bila kuutunga, pamoja na mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji. Sheria hiyo hiyo ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo hoja ya fundi kwamba alichopiga mzee ni cha kabila haimwondoi mzee: mapokeo yanaweza kuwa ya jamii, na upigaji wa siku ile ukawa wake. Malipo ya siku moja ni makubaliano ya fedha, na fundi hajatuambia kama makubaliano hayo yaliandikwa.

Fundi wa studio, Area C

Hayakuandikwa. Hakuna mtu Dodoma anayeandikiana mkataba kwa kipande cha zeze. Lakini naona mmenifanya mimi kuwa mwizi, na mwenye wimbo hamjamgusa. Mimi ni mwajiriwa wa saa, kama huyo mzee.

Binti wa Chamwino

Hapana kaka, wewe jina lako linatajwa katika sekunde ya tatu ya kila wimbo unaotoka kwako, nami ninalijua kwa sababu wadogo zangu wanaliimba. Watayarishaji waliomtangulia P-Funk na wenzake wa Bongo Flava hatukuwajua, na hata yule Mfini, Miikka Mwamba, aliyetengeneza nyimbo nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulimjua kwa sababu wasanii walimtaja wakiwa kwenye kipaza sauti. Ninyi mlijipatia nafasi ya jina kwa haki kabisa. Kwa nini ninyi tu?

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Hapo binti amesema neno. Mimi bado nasema Bagamoyo.

Fundi wa studio, Area C

Nimesoma yote tangu asubuhi. Msimamo wangu kuhusu sheria haujabadilika, kwa sababu najua itakayoumia ni studio ndogo. Lakini nimefungua kompyuta kutafuta ule wimbo, na vipande vyake nilivihifadhi kwa jina la "zeze mzee 1" hadi "zeze mzee 4". Nimempigia mwenye wimbo, naye anamfahamu kwa jina la Babu tu, na anachokumbuka ni kwamba alikuja na gari la Mpwapwa. Binti, kama baba yako anawafahamu wapiga zeze wa upande huo, nitakutumia kipande kimoja umsikilizishe.

Binti wa Chamwino

Nitumie sasa hivi, baba yuko nje anapumzika.

Binti wa Chamwino

Amesikiliza mara mbili. Anasema mpigaji huyo anaukaza uzi wa chini zaidi kuliko desturi ya huku kwetu, na anamfahamu mtu mmoja tu anayefanya hivyo, ambaye walipiga pamoja kwenye msiba zamani. Jina sitaliandika hapa kabla mwenyewe hajaulizwa. Nakupigia.