Mjadala: Filamu za dansi na dansi ya jukwaani, jioni moja au kila moja na siku yake?

Mwanzisha mada
Tuchukue tamasha la dansi la jamii lenye ukumbi mmoja na fungu moja la fedha za umma. Filamu fupi zimeletwa, vikundi vya jukwaani navyo vipo. Kamati hugawanyika hapo: vipishane kwenye programu moja, au filamu zitengewe siku yake?

Mimi nasema vichanganywe. Filamu ya dansi si rekodi ya onyesho. Mwaka 1945 mtengeneza filamu Maya Deren alimrekodi mchezaji dansi Talley Beatty akinyanyua mguu msituni na kuushusha ndani ya chumba, kwa hatua moja. Jukwaani hilo haliwezekani. Sasa, mzazi aliyekuja kumtazama mwanawe akicheza harudi kesho yake kutazama skrini. Akiikuta humohumo ataitazama.

Fundi Taa
Kwenye karatasi inapendeza. Ukumbini kuna mwanga. Skrini ya sinema hukusudiwa iwe na mwangaza wa kandela (kipimo cha mwanga) 48 hivi kwa mita ya mraba, kiasi kidogo sana mbele ya jukwaa lililowashwa taa zote. Macho yakitoka kwenye taa kali huhitaji dakika kadhaa kuzoea giza. Filamu ikiwa ya dakika nne na imepigwa usiku, mtazamaji anaanza kuiona vizuri inapokaribia kwisha. Halafu kuna mkeka wa dansi, ule wa plastiki unaotandikwa jukwaani: ukiwa na mng'ao, hata taa ndogo iliyosahaulika inadunda pale na kupanda kwenye skrini, na weusi wote unakuwa kijivu.

Jicho la Kamera
Mkuu, hayo ni mambo ya kupanga tu. Punguza taa za mbele, tegemea taa za pembeni zilizofungwa kwenye nguzo, kuanzia usawa wa vifundo hadi juu ya kichwa. Zinamchonga mchezaji vizuri na hazielekei skrini. Filamu zisiingie mojamoja; ziwe tatu au nne kwa mkupuo, dakika 12 hadi 15, ukianza na iliyopigwa mchana na kumalizia na ya giza. Kinachoua programu ni kurukaruka: filamu, jukwaa, filamu, jukwaa.

Mwalimu wa Dansi
Dakika 15 hizo mchezaji anazipitishia wapi? Mwili uliopashwa moto unapoa, na kazi ya kwanza akitoka ni kuruka huku vigimbi vimekaza. Anahitaji chumba chenye sakafu ya mbao, si zege tupu, mbali na skrini, maana nyuma ya skrini kila kishindo kinasikika filamu ikiwa tulivu. Kumbi nyingi za jamii hazina chumba hicho. Zina korido.

Na wale wanaosema mkeka utandikwe wakati filamu zinaendelea, tafadhali wasisikilizwe. Mkeka wa plastiki hukaa umeviringishwa. Ukiukunjua unatakiwa ulale bapa saa kadhaa, upate joto la ukumbi, ndipo ubandikwe tepu kwenye maungio. Ukiubandika ungali baridi, taa zikiupasha unatanuka na kufanya mawimbi. Mchezaji wa miguu mitupu anayeburuta unyayo atanasa kidole kwenye ungio lililoinuka.

Chumba cha Mitambo
Mnabishana taa, ila aibu kubwa hutokea kwenye mafaili. Filamu moja imeletwa kwa fremu (picha mojamoja zinazounda filamu) 24 kwa sekunde, nyingine 25, nyingine 30. Mtu wa haraka anaziunganisha zote kuwa faili moja la fremu 30. Ile ya 24 sasa inarudiwa fremu moja katika kila nne. Kwenye mazungumzo huenda usigundue; kwenye mguu unaozunguka kwa kasi isiyobadilika, picha inakwamakwama. Kila filamu ichezwe kwa kasi yake ya asili.

Sauti nayo husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Spika zikiwa mbele tu, aliyekaa mita 34 nyuma anasikia kishindo sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kukiona, yaani fremu mbili na nusu za filamu ya 25. Na projekta nyingi huchelewesha picha kidogo kwa upande wake. Chezesha video ya mtu anayepiga makofi, kaa katikati ya ukumbi, rekebisha hapo. Anayerekebisha akiwa amesimama kando ya spika anawaharibia wa nyuma.

Mtunza Fungu
Hakuna aliyegusa muziki. Kwa kawaida leseni ya kupiga muziki ukumbini haimpi mtu ruhusa ya kuuweka kwenye filamu. Hapo anahitaji ridhaa mbili: ya wenye utunzi na ya mwenye rekodi. Vijana wengi hutengeneza filamu nzuri juu ya wimbo maarufu na hawana hata moja. Kamati iulize kwenye fomu ya kuleta filamu, si wiki ya tamasha. Na mkirusha onyesho la jukwaani mtandaoni, leseni ya ukumbini haitoshi tena.

Mwanzisha mada
Basi pendekezo: filamu zifungue, dakika 30, wachezaji wakipasha miili moto. Mapumziko dakika 20, taa na mkeka vikaguliwe mara ya mwisho. Kisha jukwaa mpaka mwisho, bila skrini.

Fundi Taa
Huko ni kutenganisha kwa jina jingine. Naliunga mkono.

Jicho la Kamera
Mimi siliungi. Filamu zikiwa za kufungulia, wanaochelewa wataingia na tochi za simu, na wenzao watafika mapumziko yakianza. Fungu la filamu liwekwe katikati, milango ifungwe.

Mwalimu wa Dansi
Katikati sawa, kwa sharti moja: kundi linalofuata baada ya filamu lianze kwa kipande cha chini kwa chini, cha sakafuni. Wa kuruka wasubiri kipande cha pili. Na chumba cha kupashia moto kiandikwe kwenye bajeti kabla ya projekta.

Mtunza Fungu
Kabla ya projekta haiwezekani. Projekta tayari imelipiwa arubuni.