Santuri ya marehemu babu: niipanguse kwa spiriti?

MjukuuWaBaharia
Salaam wakubwa. Babu alikuwa baharia, kwao Kibokoni, Mombasa. Juzi tumefungua kasha lake, na katikati ya taarab nimekuta santuri ya 78 (zile za zamani, mizunguko 78 kwa dakika): lebo ya Chess, namba 1458, wimbo "Rocket 88", Jackie Brenston. Imeota koga. Binamu anataka tuipanguse kwa spiriti, halafu tuipige kwenye mashine yake mpya ya LP, santuri za siku hizi zinazozunguka polepole. Nasikia Wamarekani wanazitunza hizi makavazini. Za nini, na wimbo uko intaneti bure?

DadaWaOhio
Binamu aiweke chini hiyo chupa kwanza! Santuri nyingi za enzi hizo zimegandishwa kwa utomvu wa wadudu wa India, uleule maseremala wanaouyeyusha kwa spiriti kupigia fanicha polishi. Spiriti inakula mifereji iliyobeba sauti. Sindano ya LP nayo ni nyembamba mno, kama milimita 0.025, na ya 78 ni 0.076 hivi. Itaparuza chini ya mfereji tu.

Nilipokuwa nasoma Ohio nilipanga santuri kwenye maktaba ya muziki, vidole vikinuka vumbi. Zinasimamishwa wima kama vitabu. Ukizilaza kwa rundo, za chini zinapasuka. Chuo Kikuu cha Bowling Green, hukohuko Ohio, kina hazina iliyoanzishwa 1967, rekodi zinakaribia milioni moja. Maktaba ya Bunge la Marekani inaweka zake Culpeper, Virginia, ndani ya handaki lililokuwa la kufichia pesa za benki kuu wakihofia vita vya nyuklia. Leo wamelala humo wapiga gitaa. Napenda sana jambo hilo.

Hiyo yako ilirekodiwa Memphis, studio ya Sam Phillips, Machi 1951. Bendi ilikuwa ya Ike Turner, ingawa lebo inamtaja Brenston, mpiga saksafoni aliyeimba. Inasimuliwa kwamba spika ya gitaa iliharibika njiani wakitoka Mississippi, wakaijaza karatasi, ndiyo maana inakoroma vile. Wengi wanaiita rock and roll ya kwanza. Wengine wanabisha mpaka leo. Nakala ya intaneti imeshasafishwa mikwaruzo na mtu kwa masikio yake. Akikosea, utarudi kusikiliza wapi kama si kwenye santuri? Kanda asili za studio nazo huungua: ghala la kampuni ya Universal, Hollywood, liliwaka 2008.

MzeeGramofoni
Msikilize dada huyo, mwanangu. Mimi nilimuua Siti binti Saad kwa spiriti hiyohiyo. Lebo iling'aa, sauti ikawa kama mchanga unakaangwa.

MjukuuWaBaharia
Pole, mzee. Sasa hiyo koga?

DadaWaOhio
Brashi laini, nje ya nyumba, na ufunge pua. Ikibaki, kitambaa chenye maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (distilled), kidogo tu, ukifuata mzunguko. Lebo isiguse maji.

MjukuuWaBaharia
Imesimama kabatini sasa, kati ya misahafu na sahani za Idi. Binamu kanuna, kaondoka na chupa yake.